Kamera Kuukuu na Mlima Wetu

(Haya ni maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, mpima ardhi mstaafu, katika mkutano wa mwaka wa chama chetu. Yamechapwa kwa ombi la wanachama waliohudhuria.)



Nimepewa nusu saa, nami najua kwamba baada yangu kuna pilau, kwa hiyo sitazunguka sana.

Mbele yenu liko pendekezo kwamba chama chetu kiinunulie Klabu ya Mazingira ya shule hii kamera. Juu ya jambo hili wanachama wamegawanyika. Wako wanaosema tununue kamera moja mpya, kubwa, ya fahari, ili jina la chama liandikwe ubavuni. Wako wanaouliza kamera ya nini siku hizi, na kila mtu ana simu. Mimi sipo upande wowote kati ya hizo mbili. Nasema tununue kamera ndogo za dijitali zilizokwisha tumika, tatu au nne, na fedha itakayobaki tununue betri, kadi na daftari. Nitaeleza kwa nini, zinunuliwe vipi, na zitumike vipi katika milima hii ya Uluguru inayotutazama dirishani.

KAMERA HIZI ZIMETOKA WAPI

Vijana wengi hapa wamezikuta kamera hizi zikiwa vitu vya zamani, kwa hiyo yafaa nieleze asili yake.

Mwaka 1975 mhandisi mmoja wa Marekani, Steven Sasson, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Kodak, aliunda kamera ya mkononi isiyohitaji filamu. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 3.6. Picha yake ilikuwa nyeusi na nyeupe, imejengwa kwa nukta 10,000 tu, na ilihitaji sekunde 23 kuiandika picha moja kwenye kanda ya kaseti. Nukta hizo ndizo tunazoziita pikseli. Leo kamera ndogo ninayowaonyesha hapa ina pikseli milioni 7, inaenea katika mfuko wa shati, na huandika picha kabla hujapumua mara mbili.

Biashara ya kamera hizi ilipanda kama moshi na ikashuka kama jiwe. Mwaka 2010 makampuni yaliyomo katika chama cha watengenezaji kamera cha Japani yalitoa viwandani kamera za dijitali zaidi ya milioni 120, na nyingi mno kati ya hizo zilikuwa hizi ndogo. Mwaka 2023 jumla ya kamera zote haikufika milioni 8, na zile ndogo hazikufika milioni 2. Kilichozimeza ni simu. Kodak yenyewe, nyumba iliyozaa chombo hiki, ilikwenda mahakamani Januari 2012 kuomba kinga dhidi ya wadai wake.

Sasa jiulizeni: zile kamera mamilioni zilikwenda wapi? Nyingi hazikufa. Zililala kwenye saraka za kabati huko Ulaya, Japani na Marekani, kisha zikaanza safari ile ile ya nguo, redio na baiskeli: ndani ya makontena hadi Dubai na Dar es Salaam, hadi meza za Kariakoo, na kutoka huko hadi kwenye maduka yetu ya Morogoro. Yafaa mjue pia kwamba tangu miaka hii ya 2020 vijana wa Ulaya na Marekani wamezipenda tena, na baadhi ya aina zimepanda bei. Anayetaka kununua asingoje sana.

Wala msidhani kwamba chombo kilichokwisha tumika kinamfaa mtu asiye na shabaha. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, mtoto wa mfanyakazi wa reli, alianza kupiga picha akiwa mwanafunzi kwa kamera ya Box Brownie iliyokwisha tumika. Box Brownie ni sanduku tu lenye lenzi. Mwaka 1963 akaanzisha kampuni yake ya Camerapix hapo hapo Dar es Salaam. Mwaka 1984 picha alizopiga katika njaa ya Ethiopia ziliifanya dunia isimame na kutoa msaada. Mwaka 1991 alipoteza mkono wa kushoto katika mlipuko mjini Addis Ababa, akarudi kazini. Alifariki mwaka 1996 katika ajali ya ndege karibu na Visiwa vya Komoro. Mwanafunzi aliyeanza na sanduku lililotoka mikononi mwa mtu mwingine alifika huko.

KWA NINI ISIWE SIMU

Ndugu Mwenyekiti, nisije nikadhaniwa kuwa mzee anayechukia mambo mapya. Simu nzuri ya leo, wakati wa jioni au ndani ya nyumba, hutoa picha bora kuliko kamera hii. Hilo ni kweli na sitabishana nalo.

Lakini ziko sababu tatu. La kwanza, sheria za shule hii, kama shule nyingi nchini, hazimruhusu mwanafunzi kuwa na simu. Hatuwezi kumnyang'anya kijana simu mlangoni kisha tumwambie aandike historia ya mlima kwa simu. Kamera haipigi simu, haipokei ujumbe, haina muziki wala mpira wa Ulaya. Mwalimu anaweza kuikabidhi kwa sahihi asubuhi na kuipokea jioni bila wasiwasi.

La pili, simu ni mali ya mtu, na picha zake huondoka naye. Wangapi kati yetu wamepoteza picha za misiba na harusi kwa sababu simu iliibiwa Msamvu au iliangukia ndani ya ndoo? Kamera ya klabu ni mali ya klabu. Kadi yake hukaa shuleni, nao wanafunzi hupita.

La tatu, kamera ndogo ina lenzi inayotoka na kurudi. Huo ndio uvutaji wa kweli, unaofanywa na vioo. Ule mwingine wa kukuza kwa hesabu unakata tu picha na kuitanua, kama mtu anayekinyoosha kitambaa kidogo kifunike meza kubwa. Mnunuzi asome namba iliyo kwenye lenzi na aupuuze ule uvutaji wa dijitali.

NAMNA YA KUNUNUA

Kamera hii niliinunua Kariakoo mwaka 2018 kwa shilingi 70,000, baada ya kuzunguka meza tano. Mwuzaji mmoja hakutaka kabisa niweke betri zangu ndani ya kamera yake. Alisema nimwamini tu. Nikamshukuru, nikaondoka. Waswahili wa mjini wanasema usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Kamera isiyowashwa mbele yako ni mbuzi huyo.

Basi nendeni na vitu vitatu mfukoni: betri mbili mpya, kadi ya kumbukumbu, na tochi ndogo. Kisha fanyeni hivi.

Kwanza tazameni betri. Chagueni kamera inayotumia betri mbili za kawaida, zile za ukubwa wa AA zinazotiwa kwenye saa ya ukutani. Kampuni ya Canon ilitengeneza nyingi za namna hiyo katika jamii yake ya PowerShot A, na makampuni mengine pia. Betri hizo zinapatikana Mgeta, zinapatikana Matombo, zinapatikana katika kila duka la kijijini. Kamera yenye betri yake maalumu itakuwa nyepesi zaidi, lakini chaja ikipotea au betri ikifa umebaki na kipande cha bati. Fungueni pia kifuniko cha betri na mtazame vyuma vya ndani. Unga mweupe au wa kijani maana yake betri iliwahi kuvuja humo.

Pili, ulizeni inatumia kadi gani. Takeni inayotumia kadi ya SD. Kamera nyingi za zamani za Olympus na Fujifilm zilitumia kadi iitwayo xD, na za Sony zilitumia Memory Stick. Kadi hizo ni shida kuzipata. Hata SD zenyewe zina daraja. Kamera iliyotoka kabla ya mwaka 2006 kwa kawaida haisomi kadi yenye zaidi ya gigabaiti 2. Zilizofuata husoma hadi 32. Msiogope udogo wa kadi: kwa kamera ya pikseli milioni 7, gigabaiti 2 huchukua picha kama 600. Hizo zinatosha kupanda Bondwa na kushuka mara nyingi.

Tatu, iwasheni na kuizima mara kumi. Lenzi itoke na kurudi bila kukwaruza wala kusitasita. Sikilizeni kwa sikio. Mchanga ukiingia kwenye meno ya lenzi hutoa sauti kama ya kusaga mahindi, na kamera nyingi ndogo hufa kwa ugonjwa huo.

Nne, pigeni tochi ndani ya lenzi na mtazame kwa pembeni. Mkiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Kuvu hupenda unyevu, nasi twakaa chini ya mlima wenye unyevu. Msilete mgonjwa mahali ugonjwa wake unakostawi.

Tano, pigeni picha moja mkiwa mmeziba lenzi kwa kiganja, na flashi ikiwa imezimwa. Picha iwe nyeusi tupu. Mkikuta nukta moja mbili nyekundu au nyeupe, si neno. Mkikuta mistari au rangi za zambarau, iacheni. Wasomaji wa mambo haya watakumbuka kwamba mwaka 2005 iligunduliwa kasoro katika vihisio vilivyotengenezwa na Sony, ambavyo vilikuwa vimetiwa katika kamera za makampuni mengi tofauti. Waya nyembamba za ndani zilikuwa zikiachia, hasa mahali penye joto na unyevu. Mahali penye joto na unyevu, Ndugu Mwenyekiti, ni hapa. Kwa hiyo kamera za miaka ya 2002 hadi 2004 zikaguliwe mara mbili.

Sita, pigeni picha ya gazeti lililobandikwa ukutani, kisha mkuze picha kwenye kioo cha nyuma. Herufi za pembeni zisomeke kama za katikati. Upande mmoja ukiwa na ukungu, kamera hiyo iliwahi kuanguka.

Saba, msidanganywe na wingi wa pikseli. Pikseli milioni 7 zinatosha kuchapa picha safi inayokaribia kujaza ukurasa wa gazeti letu hili. Zaidi ya hapo mara nyingi mnanunua namba.

KUITUMIA MLIMANI

Sasa tupande. Mji wa Morogoro uko kwenye meta kama 500 juu ya bahari. Bondwa, pale penye minara, ni zaidi ya meta 2,100. Na Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote vya Uluguru, ni zaidi ya meta 2,600. Kila mkipanda meta 100 joto hushuka zaidi ya nusu digrii, kwa hiyo mtu anayetoka Morogoro kwa jasho hufika Bondwa akitafuta koti. Kamera nayo inasikia.

Juu, adui ni mvua na ukungu. Bebeni kamera ndani ya mfuko wa plastiki wenye kufungika vizuri, na ndani yake mtie vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya, hunyonya unyevu. Mkishuka na kamera ikiwa imepoa, msiitoe haraka kwenye joto la mjini. Hewa yenye unyevu ikigusa kioo baridi hugeuka maji, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye jokofu. Iacheni ndani ya mfuko wake nusu saa ipate joto polepole, ndipo mfungue. Na mwisho wa safari toeni betri. Betri iliyosahaulika ndani ya kamera likizo nzima huvuja.

Juu ya mwanga, kumbukeni jambo moja na mtakuwa mmejua mengi: kamera ni mjinga mwenye bidii. Kila inachokitazama inafikiri kina weupe wa wastani. Ukiitazamisha ukungu mweupe wa asubuhi, huupunguza uwe kijivu. Hapo tumieni kile kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, mwongeze daraja moja, na ukungu utakuwa mweupe. Ukimpiga mzee mwenye ngozi nyeusi kama yangu akiwa na mbingu nyeupe nyuma yake, kamera huitazama mbingu na kumsahau mzee, akatoka kama kivuli. Mwombeni asogee mpaka nyuma yake kuwe na ukuta au miti, au muwashe flashi hata kama ni mchana. Watu wetu wengi wamepigwa picha wakatoka weusi tii, bila pua wala macho, wakaambiwa ndivyo walivyo. Sivyo. Mpiga picha hakujua kazi.

Ndani ya msitu ni kinyume chake: flashi izimwe, kwa kuwa huangaza jani lililo karibu na kuacha msitu wote gizani. Legezeni fimbo yenu ya kupandia, mweke kamera juu yake au kwenye gogo, mtumie ile saa ya sekunde mbili ili kidole kisiitikise. Kwa maua na wadudu washeni alama ya ua. Katika miamba yenye kivuli huota maua madogo ya zambarau ya jamii ya Saintpaulia, ambayo ndugu zake huuzwa ndani ya vyungu huko Ulaya. Kamera ndogo inayaweza sana hayo. Lakini msiahidi mtakachoshindwa. Yuko ndege ambaye wataalamu humwita Malaconotus alius, asiyeonekana popote duniani ila katika misitu ya Uluguru. Hukaa juu kabisa kwenye vilele vya miti. Lenzi hizi hazimfikii. Mwandikeni kwenye daftari kwa sauti yake.

KAZI YENYEWE

Ndugu zangu, mpaka hapa nimesema juu ya chombo. Sasa nasema juu ya kazi, maana bila kazi tungekuwa tunanunua vitu vya kuchezea.

Mtakumbuka mabishano ya mkutano wa mwaka jana juu ya kijito kilichopita nyuma ya mabweni. Mmoja wetu alisema kwamba enzi zetu, hata mwezi wa kumi, maji yalifika magotini. Mwingine akasema yalifika vifundoni tu. Wa tatu akasema kilikuwa kikikauka kila mwaka kama kinavyokauka sasa. Mimi nilimaliza Kidato cha Sita hapa mwaka 1981 na nilichota maji pale. Nina maoni yangu. Lakini maoni si ushahidi. Watu wazima zaidi ya mia moja, wengine wahandisi, wengine mahakimu, walibishana saa nzima, na hakuna aliyekuwa na picha moja. Picha pekee ya kidato changu ninayoijua ni ile aliyoipiga mpiga picha wa mjini mbele ya bwalo. Nyuma yetu kuna ukuta, na safu ya mwisho ina watu watano ambao hakuna anayeweza tena kuwataja wote kwa majina.

Huo ndio umaskini ninaotaka tuwaepushe hawa vijana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mlima nao ni mali.

Kazi ninayoipendekeza ni nyepesi, na katika upimaji tunaijua: kurudi mahali pale pale. Klabu ichague vituo kumi. Kijito kile kiwe cha kwanza. Mto Morogoro darajani, ukingo wa Bwawa la Mindu, njia ya Morningside mahali msitu unapoanza, mteremko wa Bondwa kama unavyoonekana kutoka uwanja wa mpira, na vingine watakavyoona. Kila kituo kiwe na jiwe lililopakwa rangi. Kila mwaka, juma la kwanza la Machi na juma la kwanza la Oktoba, mwanafunzi asimame juu ya jiwe, ashike picha ya mwaka uliopita mkononi, apige nyingine inayofanana nayo, lenzi ikiwa haikuvutwa. Kisha aandike daftarini tarehe, saa, hali ya hewa na jina lake. Tarehe ya kamera isahihishwe kila safari, kwa sababu betri zikitolewa muda mrefu saa yake husahau, na picha yenye tarehe ya uongo ni shahidi wa uongo.

Je, kazi ya namna hii ina faida? Tazameni Kilimanjaro. Hoja ya barafu yake haikutoka hewani. Mwaka 1912 ilichorwa ramani ya barafu ile kwa kutumia picha zilizopigwa mlimani, na wataalamu wa karibuni walipolinganisha waliona kwamba hadi mwaka 2007 barafu iliyofunika eneo lile ilikuwa imepungua kwa karibu asilimia 85. Waliopiga picha mwaka 1912 hawakujua nani atazitumia. Nasi hapa tunaishi chini ya milima inayouzaa Mto Ruvu, ambao maji yake yananywewa Dar es Salaam. Msitu wa juu, zaidi ya hekta 24,000, ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008. Je, ukingo wake unapanda au unashuka? Shule iliyo chini yake ingepaswa kujua.

Lakini nina onyo, na naomba vijana mlishike. Kamera isiwe polisi. Watu wa milima hii wana kumbukumbu ndefu ya wageni wanaokuja kuwaambia kwamba wanalima vibaya. Mwaka 1955 walisimama kupinga mpango wa matuta wa serikali ya kikoloni, na hadi leo wazee wanausimulia. Mkimpiga picha mkulima wa Kinole akiwa shambani kwake, kisha mkaibandika ukutani na maneno "mharibifu wa mazingira", mtakuwa mmemwonea na mtakuwa mmeufunga mlango wa kijiji kizima. Ombeni ruhusa kwanza. Msalimieni mwenye mji, semeni mmetoka wapi na picha ni ya nini, na akikataa mshukuruni na mwende zenu. Msimpige mama aliyelemewa na mzigo kwa sababu tu mzigo unapendeza, mpokeeni kwanza. Tena mkiahidi kumpelekea mtu picha yake, mpelekeeni. Ziko pia sheria. Ile ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda kila mtu, na picha ya mtu ni taarifa yake. Kuingia ndani ya hifadhi kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, na kambi za jeshi hazipigwi picha kabisa.

KUZITUNZA PICHA

La mwisho ni utunzaji. Picha iliyo mahali pamoja tu ihesabiwe kuwa imekwisha potea. Kila safari ikimalizika, picha zihamishiwe kwenye kompyuta ya shule, nakala ya pili iwekwe kwenye diski itakayokaa ofisini kwa Mkuu wa Shule, na ya tatu achukue katibu wa chama chetu. Kisha kila mwaka zile ishirini za vituo zichapwe kwenye karatasi na kubandikwa kwenye kitabu kikubwa, majina yakiandikwa chini kwa wino. Diski hufa bila kuaga. Karatasi, ikikingwa na mchwa na maji, huishi kuliko sisi.

Katika kitabu hicho hicho naomba tutenge kurasa za picha za zamani. Kila mwanachama aliye na picha ya shule hii nyumbani ailete mkutano ujao. Kijana wa klabu ataiweka dirishani penye mwanga usio wa jua kali, ataipiga kwa kamera bila flashi, na mwenyewe ataondoka nayo siku hiyo hiyo. Kisha tukae pamoja tutaje majina. Wanaoyajua wanapungua kila mwaka, na hapa hatuhitaji kutajana.

Ndugu Mwenyekiti, kwa hiyo basi naomba mkutano uamue haya. Kwanza, chama kinunue kamera ndogo nne zilizokwisha tumika, zote za aina moja ili vifaa viingiliane, na zikaguliwe na watu wawili kwa namna niliyoeleza. Pili, zinunuliwe pamoja na betri za kuchajiwa, chaja mbili, kadi nne na daftari la jalada gumu. Tatu, mwalimu wa klabu azikabidhi kwa sahihi. Nne, kila mkutano wa mwaka uanze kwa kutazama picha za vituo kumi, za mwaka ule na za mwaka uliotangulia, kabla ya hotuba ya mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Na kama kamera moja ikivunjika mikononi mwa mwanafunzi, asifukuzwe wala asitozwe. Aandike daftarini ilivunjika vipi, nasi tutanunua nyingine. Ndiyo maana nikasema ziwe kuukuu: kamera ya fahari ingefungiwa kabatini kwa kuogopewa.

Wenye maswali wanione kwenye foleni ya pilau. Kamera ninayo, na betri zimejaa.